Papa wa Mwaka 1916 na Imani za Watu

Mwaka 1891 tajiri mmoja wa New York, jina lake Hermann Oelrichs, wakala wa kampuni kubwa ya meli za Kijerumani, alitangaza katika gazeti la Sun la mji ule kwamba angetoa dola 500 kwa mtu ye yote ambaye angeleta ushahidi wa kweli kuwa papa alipata kumshambulia mtu aliye hai katika bahari ya pwani ya mashariki ya Marekani, kaskazini ya rasi ya Hatteras. Dola 500 zilikuwa mali katika siku zile. Tangazo lilisomwa, likazungumzwa, na miaka ikapita. Oelrichs alifariki mwaka 1906, na zawadi yake haikuchukuliwa na mtu. Kimya hicho kilihesabiwa kuwa jawabu. Watu walisema kuwa kama papa angalikuwa adui wa mwogaji, tamaa ya fedha ingalimtoa shahidi mafichoni. Hivyo, bila ya watu wengi kutazama kinywa cha papa, jambo kubwa la bahari liliamuliwa kwa tangazo la gazeti.

Hukumu hiyo haikuwa hukumu ya mabaharia. Kwa karne nyingi watu wa merikebu walikuwa na imani yao, na imani yao ilikuwa kinyume cha hii. Walisema kuwa papa hufuata chombo chenye mgonjwa, kwa sababu hunusa mauti kabla mauti hayajafika. Katika bahari ya Atlantiki papa walifuata merikebu za biashara ya watumwa, na sababu yake haikuwa uchawi wala utabiri: maiti za waliokufa kwa dhiki chini ya sitaha zilitupwa majini siku hata siku. Mwaka 1749, katika bandari ya Havana, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Brook Watson alikuwa akiogelea peke yake papa alipomshika na kumkata mguu wa kulia chini ya goti. Mabaharia wenzake walimwokoa kwa mashua. Kijana huyo aliishi, akafanya biashara, akatajirika, na mwaka 1796 akawa Meya wa London akitembea kwa mguu wa mti. Habari yake ilichorwa na John Singleton Copley, na picha ilipoonyeshwa London mwaka 1778 watu waliitazama kwa mshangao mkubwa.

Lakini Havana ni nchi ya joto, na wataalamu wa New York hawakukana yaliyotokea katika nchi za joto. Walichokana ni kwamba mambo kama hayo yaweza kutokea kwao. Habari za mabaharia ziliwekwa katika fungu moja na habari za nguva na majoka ya baharini. Hata mkasa wa mwaka 1830, wa mvuvi wa Massachusetts aliyeuawa katika mashua yake ndogo kwa namna iliyodhaniwa na wenzake kuwa ya papa, ulisahauliwa kama hadithi ya wazee. Mvuvi aliona, lakini hakuandika; mtaalamu aliandika, lakini hakuona. Panapokuwa na hali hiyo, aghalabu maandishi ndiyo yaliyosadikiwa.

Mtaalamu aliyesikilizwa kuliko wengine alikuwa Frederic Augustus Lucas, mkuu wa Makumbusho ya Marekani ya Viumbe vya Asili katika New York. Kwa miaka mingi alichunguza habari za watu walioumwa na papa, akakuta nyingi zimetiwa chumvi. Kutokana na uchunguzi huo alifikia neno kubwa zaidi: kwamba taya za papa hazina nguvu ya kukata mfupa wa mguu wa mtu mzima. Mfano wake ulikuwa wa mezani. Mtu akate paja la kondoo kwa kisu, aone kazi iliyopo katika kuutenga mfupa, kisha akumbuke kuwa mfupa wa mtu ni mnene kuliko wa kondoo. Mawazo hayo yaliingia katika maandishi ya wataalamu wawili vijana, John Treadwell Nichols na Robert Cushman Murphy, yaliyotolewa mwezi wa Aprili 1916 juu ya papa wa pwani ya Long Island. Gazeti la New York Times nalo, mwezi wa Agosti 1915, lilikuwa limewataka wasomaji wake wamtendee papa haki na kuacha kumsingizia.

Si haki kuwacheka wataalamu hao. Walikuwa wakipigana na uvumi, na uvumi ni adui wa elimu. Kosa lao lilikuwa katika hatua moja ndogo. Waliona kuwa jambo halijathibitishwa, wakasema kuwa jambo haliwezekani. Kati ya maneno haya mawili pana nafasi pana kuliko bahari, na mwezi wa Julai 1916 watu wanne walikufa katika nafasi hiyo.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha joto kali. Katika mji wa New York ugonjwa wa polio ulikuwa umewaingia watoto tangu mwezi wa Juni, na kabla haujakoma uliwaua zaidi ya watu 2,000 katika mji ule peke yake. Wazazi wenye uwezo waliwakimbiza watoto wao mashambani na pwani. Reli zilikuwa zimeifanya safari ya pwani ya New Jersey kuwa rahisi, na hoteli kubwa za mbao zilikuwa zimejengwa kuielekea bahari. Kuoga baharini kwa ajili ya starehe kulikuwa desturi changa. Babu za watu wale waliingia baharini kwa ajili ya kazi, na wengi wao hawakujua kuogelea. Wajukuu waliingia kwa furaha, maelfu kwa maelfu. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa kwa nini zawadi ya Oelrichs haikudaiwa. Papa hawezi kumwuma mtu ambaye hayumo majini. Ukimya wa miaka iliyopita haukuwa ushahidi wa upole wa papa tu. Ulikuwa pia ushahidi wa uchache wa waogaji.

Jumamosi, tarehe 1 Julai, siku ile ile ambayo mapigano ya Somme yalianza katika Ufaransa, kijana wa Philadelphia aliyeitwa Charles Vansant alifika Beach Haven pamoja na baba yake, aliyekuwa daktari, na ndugu zake. Jioni kabla ya chakula aliingia baharini pamoja na mbwa aliyekuwa akicheza ufukweni. Alipoanza kupiga kelele watu walidhani anamwita mbwa. Mwokoaji wa waogaji, Alexander Ott, alimwendea mbio na watu wengine wakamsaidia kumvuta, na walioshuhudia walisema kuwa papa alimfuata mpaka maji yalipokuwa haba. Nyama ya paja la kushoto ilikuwa imeondolewa. Alikufa kwa kutokwa na damu juu ya meza ya meneja wa hoteli ya Engleside, na baba yake, pamoja na udaktari wake wote, hakuwa na la kufanya.

Fukwe hazikufungwa. Msiba wa mtu mmoja ulielezwa kuwa ajali. Aliyekuwa mkuu wa samaki katika jimbo la Pennsylvania aliandika kuwa yamkini papa alimtaka mbwa, akamwuma mtu kwa bahati mbaya. Manahodha walioingia katika bandari za New York na New Jersey walileta habari za papa wakubwa waliowaona njiani, lakini habari zao zilipokewa kama zilivyopokewa habari za manahodha siku zote. Wenye hoteli nao walikuwa na sababu yao ya kunyamaza: kiangazi ni kifupi, na mgeni aliyeogopa maji hupanda gari la moshi akarudi kwao.

Alhamisi, tarehe 6 Julai, maili 45 kaskazini ya hapo, katika Spring Lake, Charles Bruder, Mswisi aliyekuwa mkuu wa watumishi wapokeao mizigo ya wageni katika hoteli ya Essex and Sussex, aliogelea mbali kidogo na waogaji wengine. Mwanamke mmoja aliyekuwa ufukweni aliwaambia waokoaji kuwa mtumbwi mwekundu umepinduka. Haukuwa mtumbwi. Waokoaji wawili walipiga makasia, wakamkuta Bruder amekatwa miguu yote miwili, naye akafa kabla hawajafika nchi kavu. Wanawake walizimia mbele ya macho ya wenzao. Wageni na wafanyakazi wa hoteli walichanga fedha wakampelekea mama yake katika Uswisi, maana marehemu ndiye aliyekuwa akimtunza.

Sasa simu za hoteli zililia pwani nzima, na watu wakatoka majini. Katika Asbury Park eneo la waogaji lilizungushiwa nyavu za waya, na motaboti zenye watu wa bunduki zikazunguka nje yake. Lakini katika New York, Lucas, Nichols na Murphy walipokutana na waandishi wa magazeti tarehe 8 Julai, walijitahidi kuituliza hofu. Walisema kuwa haielekei mtu wa tatu atapatwa, ingawa Nichols aliwashauri waogaji wakae karibu na ufuko, ndani ya nyavu. Shauri hilo lilikuwa jema kwa watu wa ufukoni. Halikumsaidia mtu aliyekaa mahali ambapo hapakuwa na ufuko wala nyavu, wala sababu yo yote ya kufikiri habari za bahari.

Matawan ulikuwa mji mdogo wa aina hiyo, maili 30 hivi kaskazini ya Spring Lake. Haukuwa mji wa watalii. Ulikuwa na viwanda vyake na mashamba yake, na hori lenye matope lililojaa na kupwa pamoja na maji ya Ghuba ya Raritan. Watoto wa kiume waliogelea humo penye gati la Wyckoff baada ya kazi, kama baba zao walivyoogelea. Jumatano, tarehe 12 Julai, nahodha mstaafu aliyeitwa Thomas Cottrell alipokuwa akipita darajani aliona kivuli kirefu kikipanda hori pamoja na maji ya kujaa. Alikuwa ameishi baharini, alijua alichokiona. Alikimbia mjini akawaonya watu. Watu walicheka. Papa katika hori la Matawan! Wengine walidhani kuwa joto limemharibu mzee akili. Ukweli wake ulikuwa umeangukia katika masikio yaliyokwisha kuzibwa na elimu ya magazeti upande mmoja, na mazoea ya mji upande mwingine.

Alasiri ile Lester Stillwell, mtoto wa miaka 11, alikuwa majini pamoja na wenzake. Wenzake waliona kitu kama gogo kuukuu, kisha wakaona pezi, kisha Lester akazama. Walikimbia mjini uchi wakilia kuwa papa amemchukua. Hata hapo watu wazima hawakusadiki. Lester alijulikana kuwa na kifafa, na watu wakaamua kuwa ameshikwa na kifafa akazama. Kwa imani hiyo, na kwa wema wao, waliingia katika hori kuutafuta mwili wake. Miongoni mwao alikuwa Stanley Fisher, kijana wa miaka 24, mshonaji wa nguo. Fisher alipiga mbizi, akaupata mwili wa mtoto, na alipokuwa akirudi nao mbele ya watu waliojaa ukingoni, papa alimshika paja la kulia. Alipelekwa kwa gari la moshi mpaka hospitali ya Long Branch, akafa huko jioni ile ile.

Kama nusu saa baada ya Fisher kuumwa, na kama nusu maili chini ya hapo, kijana mwingine, Joseph Dunn wa New York, aliumwa mguu wa kushoto alipokuwa akipanda kutoka majini baada ya kusikia habari. Ndugu yake na rafiki zake walimvuta huku na papa akimvuta kule, na wao wakashinda. Madaktari wa New Brunswick waliuponya mguu wake, na katikati ya mwezi wa Septemba aliondoka hospitalini. Yeye peke yake, kati ya watu watano, alibaki hai. Mwili wa Lester ulionekana tarehe 14 Julai, karibu na gati alilokuwa akiogelea.

Kuna jambo la kuzingatiwa katika mkasa huu wa Matawan. Fisher hakufa kwa sababu ya kukosa ujasiri wala kwa sababu ya kukosa onyo. Onyo lilitolewa mara mbili, mara ya kwanza na mzee na mara ya pili na watoto. Lakini mzee na mtoto ni watu wawili ambao mji huwa mwepesi wa kutowasadiki: mmoja hudhaniwa kuwa amepitwa na akili, na mwingine hudhaniwa kuwa hajaifikia. Wenye umri wa kati, waliosoma magazeti na kuyajua mambo, ndio waliokosea.

Baada ya hayo imani ya watu iligeuka kama upepo wa msimu, na ikageuka mpaka upande wa pili kabisa. Watu wa Matawan walitia nyavu na baruti katika hori, na maji yakaruka juu ya miti. Meya aliweka zawadi ya dola 100 kwa papa atakayeuawa humo. Yapendeza kuilinganisha zawadi hii na ile ya Oelrichs: ya kwanza ilitolewa kwa yule atakayethibitisha kuwa papa ni mwovu, ya pili kwa yule atakayemwua bila ya kuthibitisha kitu. Katika Washington Baraza la Mawaziri la Rais Woodrow Wilson lilizungumza habari za papa, na walinzi wa pwani wakaagizwa kusaidia. Katika majuma yaliyofuata papa kwa mamia waliuawa pwani yote ya mashariki, wakubwa kwa wadogo, wenye meno ya kutisha na wasioweza kumdhuru mtu. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa hata ung'ongo ulipigwa risasi.

Kila mtu aliyeshindwa kusadiki kuwa ni papa alitafuta mkosaji mwingine. Wengine walimtaja kasa mkubwa, wengine nyangumi mwuaji. Ulaya ilikuwa vitani, na mwezi ule ule manowari ya Kijerumani ya kupita chini ya maji, iitwayo Deutschland, ilikuwa imeingia Baltimore na shehena ya biashara. Basi wakatokea watu waliosema kuwa papa wamezoea nyama ya watu kwa sababu ya meli zilizozamishwa na Wajerumani, nao wamezifuata manowari mpaka Marekani. Hofu mpya ilikuwa imepanda juu ya mgongo wa hofu ya zamani.

Tarehe 14 Julai Michael Schleisser, mtu wa Harlem aliyekuwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama na aliyewahi kuwafunza simba wa sarakasi, alivua katika Ghuba ya Raritan, karibu na mlango wa hori la Matawan, papa mwenye urefu wa futi saba u nusu na uzito wa ratili 325. Papa huyo nusura aizamishe mashua, na Schleisser alimwua kwa kasia lililovunjika. Tumboni mwake palikutwa nyama na mifupa, na wataalamu walioyatazama walisema kuwa ni ya binadamu, na kuwa papa mwenyewe ni mtoto wa papa mweupe mkubwa. Ngozi yake iliyojazwa iliwekwa katika dirisha la duka mjini New York, watu wakapigana vikumbo kuitazama, baadaye ikapotea. Baada ya papa huyo kuuawa hapakuwa na mtu mwingine aliyeumwa katika kiangazi kile.

Kwa watu wengi jambo lilikwisha hapo. Kwa wachunguzi halikwisha. Papa mweupe ni mnyama wa bahari, si wa hori lenye maji ya chumvi kidogo. Ipo aina nyingine, iitwayo na wataalamu Carcharhinus leucas, ambayo hupanda mito na kuishi hata katika maji matamu. Mwili wake una uwezo wa kupunguza na kuhifadhi chumvi kadiri ya haja. Kwa hiyo wapo wasemao kuwa mwuaji wa Matawan alikuwa wa aina hiyo, na kuwa wauaji walikuwa wawili au zaidi. Wengine hujibu kuwa mwezi ulikuwa ukikaribia kuwa mpevu, bamvu lilikuwa likija, na maji ya bahari yalipanda katika hori kuliko desturi. Tena mifupa ilikutwa katika tumbo la papa mweupe, si la mwingine. Ushahidi uliokwisha kupotea hauwezi kuitwa tena barazani, na shauri hilo limebaki wazi.

Mnamo mwaka 2002 wataalamu wawili wa siasa, Christopher Achen na Larry Bartels, walitoa hoja ya ajabu zaidi: kwamba katika uchaguzi wa Novemba 1916 wilaya za pwani ya New Jersey zilimpunguzia Wilson kura kwa kiasi cha asilimia 3, kana kwamba Rais ndiye aliyewatuma papa. Ni kweli kuwa Wilson alishindwa katika New Jersey, jimbo alilopata kulitawala, ingawa alishinda katika nchi. Lakini mwaka 2018 wengine, Anthony Fowler na Andrew Hall, walizihesabu upya kura hizo pamoja na za chaguzi nyingine, wakasema kuwa hoja hiyo haina nguvu. Hata wenye elimu wa siku hizi, basi, hawajakubaliana juu ya papa wa mwaka ule. Na kutokubaliana kwao, kunakofanywa kwa hesabu iliyo wazi, ni bora kuliko makubaliano ya mwaka 1915.

Kutoka Matawan imani za watu zilifuata njia ndefu. Katika Australia daktari wa upasuaji Victor Coppleson alikusanya habari za majeraha ya papa, na katika kitabu chake cha mwaka 1958 akaeneza wazo la papa mhalifu, mmoja aliyeonja mtu na ambaye hawezi tena kuacha, kama simba mla watu. Mikasa ya New Jersey iliwekwa mbele kuwa mfano. Wazo hilo laingia akilini kwa urahisi, kwa kuwa humgeuza papa kuwa mwuaji wa kesi, mwenye nia na njia. Lakini wachunguzi wengi wa baadaye hawakuona kuwa papa ana tabia hiyo. Katika vita ya pili ya dunia wanamaji wa Marekani walipewa maneno ya kuwatuliza, kisha wakapewa dawa ya kuwafukuza papa ambayo ilituliza roho ya mtu kuliko ilivyomfukuza papa. Manowari Indianapolis ilipozamishwa tarehe 30 Julai 1945, watu zaidi ya 800 waliingia majini wakakaa siku nne, na 316 tu waliokolewa. Kiu, jua na majeraha viliwaua wengi, na papa nao wakachukua sehemu yao. Mwaka 1958 wataalamu, kwa msaada wa idara ya wanamaji, walianza kukusanya daftari la watu walioumwa na papa duniani kote. Kwa mara ya kwanza mvuvi, daktari na mtaalamu waliwekwa katika kitabu kimoja.

Daftari hilo, ambalo huhifadhiwa katika makumbusho ya Florida, laonyesha kuwa katika miaka ya karibuni watu kama 60 hadi 70 huumwa na papa kila mwaka duniani bila ya kuwachokoza, na kama sita katika hao hufa. Lakini hesabu haina sauti kubwa kama hadithi. Peter Benchley alipotoa kitabu chake Jaws mwaka 1974, na Steven Spielberg alipokifanya sinema mwaka 1975, watu wasiopata kuiona bahari waliogopa maji ya bwawa. Benchley mwenyewe alijuta baadaye, akatumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki papa hakupewa kiti cha shetani wala cha malaika. Amekuwa kitoweo: nyama yake hutiwa chumvi, ikakaushwa juani ikawa ng'onda, ikasafirishwa mpaka bara. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa katika mbao za majahazi zisiliwe na wadudu. Papa mkubwa kuliko wote, mwenye madoa meupe mgongoni, huitwa na wavuvi wa pwani ya Kenya papa shilingi, kana kwamba amemwagiwa fedha. Naye hula viumbe vidogo mno, wala hana haja na mtu. Mvuvi anayemkata papa kwa kisu chake ajua meno yake yalivyo, kwa hiyo hahitaji zawadi ya dola 500 ili asadiki kuwa yaweza kuuma. Na kwa kuwa huingia katika maji yale yale kila alfajiri akarudi, hahitaji kuitia bahari baruti. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Haidhuru, hata ujuzi huo hauzuii hatari iliyopo leo, nayo imegeuka upande. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa binadamu huua papa kiasi cha milioni 100 kila mwaka, wengi kwa ajili ya mapezi na nyama yao. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Afrika ya Kusini ilianza kumlinda papa mweupe kwa sheria mwaka 1991, na nchi nyingine zikafuata. Ni vigumu kupata huruma ya watu kwa mnyama aliyewala watoto wa Matawan; lakini papa waliouawa baada ya Matawan, kama wale wanaouawa leo, karibu wote hawakupata kumgusa mtu.

Makosa mawili ya mwaka 1916 yaonekana kupingana, moja likisema papa hawezi kudhuru, na la pili likisema papa hana ila kudhuru. Kwa hakika ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yalitoka kwa watu waliotaka kuwa na neno moja juu ya papa kabla ya kumtazama: la kwanza liliwaweka watu majini walipopasa kutoka, la pili likawatia watu silaha mikononi walipopasa kuuliza. Katika mji ule alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwa na neno juu ya papa wote. Nahodha Cottrell hakusema kuwa bahari ni salama wala kuwa bahari ni laana. Alisema kuwa alasiri ile, katika hori lile, chini ya daraja lile, alimwona papa. Kama angalisikilizwa kwa muda wa saa moja tu, Lester Stillwell na Stanley Fisher wangalirudi nyumbani kwao jioni.